FUNDISHO: FRANGA YA BUKARI NA FRANGA YA FURAHA

Maandiko ya kusoma mbele ya fundisho: Kumbukumbu la Torati 14:22-27, Mwanzo 41:33-36, Luka 14:28-30, Yoane 6:12.



Katika kazi yetu ya ushemasi tunatembelea nyumba nyingi za waamini. Kuko jambo moja ambalo watu wanaweza kulificha mbele ya muchungaji, lakini hawawezi kulificha mbele ya sufuria. Tarehe 5 ya mwezi nyumba inanukia nyama. Tarehe 20 moto haujawaka, na watoto wanakunywa chai isiyo na sukari na kulala. Mume anasema muke hajui kutunza franga. Muke anasema mume hatoi franga ya kutosha. Ugomvi unaanzia kwenye bunga, na mara nyingine unafika mpaka kuvunja ndoa. Ndiyo sababu tumeleta fundisho hili. Si jambo la wamama peke yao. Ni jambo la baba, la mama na la watoto.

1. TULIKOTOKA

Wazee wetu wa Kolwezi wanakumbuka posho. Wakati wa Union Minière, na nyuma yake wakati wa Gécamines, mufanyakazi hakupokea mushahara tu. Alipokea pia chakula cha jamaa yake, zaidi sana bunga. Mama hakuhitaji kuhesabu sana bunga ya mwezi, juu kampani ilikwisha kumuhesabia.

Kisha mambo yakabadilika. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, na miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mu miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha kazi katika mupango wa kuondoka kwa mapenzi yao, na kila mumoja akapewa franga yake ya mwisho mara moja. Kuko waliojenga nyumba na kusomesha watoto. Kuko pia waliokula franga ya miaka katika miezi michache. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu ambao kwa muda mrefu mutu mwingine aliwahesabia.

Leo hakuna wa kutuhesabia. Na bei ya bunga haituulizi mawazo yetu. Sehemu kubwa ya mahindi na bunga tunayokula inatoka Zambia na kupita Kasumbalesa. Mu 2024 ukame uliharibu mashamba ya Zambia, na tarehe 29 Februari ya mwaka ule Raisi wao alitangaza kwamba ni musiba wa inchi nzima. Mu Agosti 2024 mupaka ulifungwa siku chache juu ya mabishano ya biashara. Mutu anayenunua bunga meka kwa meka, siku kwa siku, anasikia kila jambo la namna hiyo katika tumbo la watoto wake.

2. KOSA LETU WENYEWE

Hatutaki kufundisha kama watu wasio na kosa. Mwaka mumoja, sisi tunaoandika haya tulichoka na madeni, tukaweka sheria kali nyumbani. Tulisema: mwezi huu hakuna sukari, hakuna mukate, hakuna nyama, hakuna sukre ya siku ya Mungu. Ni bukari na sombe tu, na mara moja moja ndakala. Kila jioni tulimuomba mama wa nyumba hesabu ya kila tomati. Tulijiona kuwa Yosefu katika Misri.

Juma la kwanza lilipita vizuri. Katika juma la pili watoto walianza kusimama kwenye mulango wa jirani saa ya chakula. Katika juma la tatu, sisi baba wa sheria tulipita karibu na moto wa michopo wakati wa kutoka kazini. Tukala sahani moja. Kesho yake tukala tena. Franga ile ilitoka katika mufuko wa bunga ambao sisi wenyewe tuliufunga.

Siku ya pili ile, tulipofika nyumbani, mutoto wetu mudogo alikuja kutukumbatia kama kawaida. Akasema: "Baba, unanukia nyama." Mama wa nyumba alisikia. Hakusema kitu. Alituwekea sahani ya bukari na sombe, akatoka inje. Tuliona haya kuliko kama angetutukana. Na tarehe 26 bunga iliisha, tukaenda kukopa.

Pale tulielewa jambo moja. Haikuwa nyama iliyoharibu mupango wetu. Ni nyama ambayo haikuandikwa katika mupango. Nyumba inayokataza kila kitu kitamu haiwi nyumba ya akiba. Inakuwa nyumba ya wizi wa siri, na mara nyingi mwizi wa kwanza ni yule mwenye kushika franga.

3. MUNGU ANATOA PAHALI PA FURAHA

Tusome vizuri Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Mungu aliamuru Israeli kutenga sehemu ya mazao yao kila mwaka. Yule aliyekaa mbali aligeuza mazao yake kuwa feza, akaifunga mukononi, akaenda pahali Mungu alipochagua. Pale alinunua kile roho yake ilichotamani, akala mbele za Bwana, akafurahi pamoja na nyumba yake. (Juu ya kinywaji chenye kulewesha, kila mumoja anajua sheria ya kanisa letu.)

Tuangalie mambo manne. Kwanza, furaha ile ilikuwa na wakati wake. Pili, ilikuwa na kipimo chake: sehemu iliyotengwa, haikuongezwa kwa kukopa. Tatu, baba hakula peke yake njiani. Alikula pamoja na jamaa yake. Ine, Mulawi asiye na shamba hakusahauliwa. Michopo yetu ilikosa yote mane: haikuwa na wakati, haikuwa na kipimo, haikuwa na jamaa, haikuwa na maskini.

4. NAMNA YA KUGAWANYA

Katika Luka 14 Bwana anasema juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Tuseme nyumba imekwisha kutoa fungu la kumi, nyumba ya kupanga na masomo, na inabakia na franga 300 000 kwa chakula cha mwezi. Hizi si bei za soko, ni mufano wa kugawanya tu:

Bunga: 120 000
Samaki, maharagi na mboga: 80 000
Mafuta, chumvi, tomati na kitunguu: 50 000
Makala: 25 000
Kitu kitamu: 15 000
Akiba juu ya bei kupanda: 10 000

Kitu kitamu kinapata 5 katika kila 100. Mwenye franga 100 000 ataweka 5 000. Ni kidogo, lakini kimeandikwa, na kile kilichoandikwa hakuna anayekiiba. Tunagawanya mara mbili kwa mwezi, 7 500 kila mara, siku ya Mungu nyuma ya ibada. Watoto wanachagua wakipokezana: mara moja ni muchele na kuku mudogo, mara nyingine ni mikate ya mafuta na chai ya maziwa. Mutoto anayejua kwamba siku yake inakuja anaweza kula sombe siku kumi bila kulia. Sisi pia.

Mambo haya yametusaidia kushika mupango:

a) Siku ya kupokea franga, bunga inanunuliwa kwanza, kwa mufuko, si kwa meka. Mwenye nafasi anunue zaidi nyuma ya mavuno, kuanzia mwezi wa tano, mbele ya bei kupanda wakati wa mvua. Ndivyo Yosefu alivyofanya: aliweka akiba wakati wa shibe. Na ikiwa bunga ya mahindi ni gali, changanya na bunga ya mihogo, kama wamama wetu walivyofanya sikuzote.

b) Mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo kila siku inagarimu zaidi kuliko kununua litri nyingi mara moja. Mama tatu wanaweza kuungana na kununua karton moja ya samaki Thomson na kugawana siku ile ile.

c) Kila fungu linakaa katika kopo lake. Kopo la kitu kitamu likiisha, limeisha. Hakuna ruhusa ya kufungua kopo la bunga juu ya sukre.

d) Baba anatoa hesabu sawa na mama. Tunakaza neno hili. Sahani ya michopo, kadi ya simu na chupa ya njiani vinaandikwa katika kaye ile ile ambamo tomati zinaandikwa. Baba asiyetaka kuandika asiulize bei ya tomati.

e) Bei ikipanda katikati ya mwezi, tunafungua kwanza kopo la akiba. Ikiwa haitoshi, tunapunguza kitu kitamu, lakini hatukiondoi kabisa. Wakati wa maembe, wakati wa mahindi mabichi ya kuchoma, karanga za kukaanga: vitu hivi vinagarimu kidogo, na furaha yake ni ya kweli. Lakini kukopa juu ya kitu kitamu, hapana. Yule anayekopesha na kuomba nusu juu yake anakula karamu yako mbele yako.

5. WENYE KUPATA KWA SIKU

Ndugu wengine watasema: sisi hatuna mushahara wa mwezi, tunachimba, au tunauza sokoni. Kwenu siku ya hatari si siku ya kukosa. Ni siku ya mawe mazuri. Siku ile rafiki ni wengi na njia ya kurudia nyumbani ni ndefu. Basi tufanye sheria: siku ya mapato makubwa, bunga ya juma inanunuliwa mbele ya kuonana na rafiki. Kitu kitamu kinangojea mwisho wa juma, nyumbani.

Tukumbuke yaliyopita karibuni. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje ya inchi, na ilirudisha ruhusa tarehe 16 Oktoba 2025, kwa kipimo. Ile ilikuwa karibu miezi munane. Hakuna muchimbaji aliyeulizwa mbele. Mwenye kuhesabu kwamba juma linalokuja litakuwa kama juma lililopita anajenga munara bila kukaa chini.

6. MABAKI YA KINGAMYAMBO

Sisi wa hapa tuna mufano ambao watu wa mbali hawana. Kwa miaka mingi matope yaliyobakia kwenye kiwanda cha kusafisha madini cha Kolwezi yalitupwa Kingamyambo na katika bonde la muto Musonoi. Watu walisema ni uchafu. Lakini tangu mwisho wa 2018 kampani Metalkol inaosha tena mabaki yale na kutoa shaba na kobalti ndani yake.

Nyuma ya kulisha watu wengi, Bwana Yesu aliagiza vipande vilivyobakia vikusanywe ili kitu kisipotee. Bukari ya jana inakaangwa asubuhi. Kichwa cha samaki kinatia mboga ladha. Majani ya matembele na lengalenga yanaota nyuma ya choo na mama anayanunua sokoni. Andikeni kwa mwezi mumoja vile vinavyotupwa katika nyumba yenu. Mara nyingi kitu kitamu cha mwezi ujao kimelala pale.

7. MAULIZO YA KUJIBU KATIKA NYUMBA

1) Mwezi uliopita bunga yetu iliisha tarehe gani? Ni nani alikopa, na kwa nani?
2) Ni kitu gani kila mumoja wetu anakula au kunywa inje bila kukiandika? Baba ajibu wa kwanza.
3) Watoto wanatamani nini? Tutakinunua siku gani, na franga ngapi?
4) Ni mujane gani au yatima gani wa kartye yetu atakaa nasi siku ile?

Ndugu wapenzi, tangu mwaka ule tulikosa tena mara mbili, na mara zote mbili tuliandika katika kaye, na mama wa nyumba alisoma. Juma lililopita ilikuwa zamu ya mutoto yule aliyetunukia nyama. Aliomba michopo. Tulinunua kwa franga ya kopo lake, tukaileta nyumbani ikiwa imefungwa katika karatasi, tukaigawanya juu ya meza. Kila mutu alipata vipande viwili, na jirani wetu mujane pia. Ilikuwa kidogo. Hakuna aliyeona haya.

Bwana abariki sufuria zenu na hesabu zenu. Amina.