Misuli na mishipa ya fahamu: kwa nini miguu huuma baada ya kushuka mlima?

Leo tuangalie jinsi misuli na mishipa ya fahamu inavyoshirikiana tunapofanya mazoezi au kazi nzito.

Msuli umeundwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Nyuzi hizo hazijiamrishi. Amri hutoka kwenye ubongo, hupita uti wa mgongo na kuletwa na mshipa wa fahamu. Ncha yake humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na nyuzi hujikunja.

Nyuzi ni za aina mbili kuu. Za polepole hazichoki upesi, na ndizo huitwa kwanza. Hizo ndizo tegemeo la wakimbiaji wa mbio ndefu kama John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 licha ya kuumia goti. Za haraka zina nguvu zaidi lakini huchoka mapema. Hizi huitwa mzigo unapozidi, kama unapojitwisha gunia la mahindi.

Anayeanza mazoezi huongezeka nguvu katika wiki za mwanzo hata kabla msuli haujanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu imejifunza kuziita nyuzi nyingi kwa pamoja. Basi anza kidogo kidogo, wala usikate tamaa.

Mlima Hanang una urefu unaozidi mita 3,400. Wakati wa kushuka, misuli ya mapaja hukaza huku ikivutwa, na nyuzi huchanika kidogo. Ndiyo maana maumivu huja kesho yake, na kuinuka kutoka kwenye sijda huwa taabu. Hupungua yenyewe baada ya siku chache. Kunywa maji na utembee taratibu.

Lakini tofautisha maumivu na kulegea. Wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona haya:

1. Mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi nzito. Msuli umevunjika na figo ziko hatarini. Usimeze dawa za maumivu kwanza.

2. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, au mdomo kupinda. Huenda ni kiharusi.

3. Mtoto wa chini ya miaka 15 kulegea kiungo ghafla. Lazima apimwe polio.

Hayo hayatibiwi kwa kuchuliwa nyumbani. Saa moja ya kusubiri yaweza kumgharimu mgonjwa kiungo chake, au uhai wake.