Paa la Bwawa la Ndani

Swali: Paa la bwawa la kuogelea la ndani la manispaa linavuja, je, kubadilisha mabati pekee kunatosha?

Jibu: Hakutoshi, kwani paa la aina hii huharibiwa zaidi kutoka chini, ambako mvuke wa maji yenye klorini hupenya dari na kugeuka matone kwenye vyuma baridi. Mjini Uster, Uswisi, mwaka 1985, dari ya zege ya bwawa la ndani ilianguka na kuua watu 12, baada ya vyuma visivyoshika kutu vilivyoishikilia kukatika kwa ulikaji wa mkazo, yaani nyufa zinazotokea kemikali inaposhambulia chuma kilichobeba mzigo, mara nyingi bila dalili kubwa kuonekana kwa nje. Hivyo, kabla ya bati jipya kupandishwa, dari ifunguliwe na mhandisi akague kila kishikizo, kisha utando wa kuzuia mvuke utandazwe chini ya sufi ya kuhami joto.