Darsa: Sindano ya Mtoto na Subira ya Baba

Bismillahi Rahmani Rahim. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja mwenye asili ya pwani, ambaye yeye na ahali yake wamehamia Homa Bay kwa biashara. Asema kwamba mtoto wao ametimiza miezi minane. Chanjo za alipozaliwa na za wiki za mwanzo alipewa, lakini ya malaria baba ameizuia, kwa kuwa mtoto haumwi na Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi. Mama aitaka. Auliza ni nani kati yao mwenye haki.

Yafaa kwanza msomaji wa huku kwetu aijue chanjo yenyewe, maana wengi huzihesabu chanjo zote kuwa kitu kimoja. Mtoto azaliwapo huchanjwa kifua kikuu, ndiyo ile iachayo kovu dogo katika mkono wa kushoto (tazama mkono wako, huenda unalo), na hutiwa matone ya kuzuia kupooza. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukingwa na dondakoo, kifaduro, pepopunda na mengineyo. Na surua katika miezi 9 na 18. Hii ya malaria ni mpya. Kenya iliizindua huko huko Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, baada ya Malawi na Ghana kutangulia mwezi wa Aprili mwaka ule. Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 za magharibi na za ukingo wa ziwa zilizochaguliwa, kwa kuwa pande hizo malaria huua watoto wengi. Ratiba iliyoanza nayo ni miezi 6, 7, 9 na 24. Wala asiseme mtu kwamba haikujaribiwa kwetu: watoto wa Kilifi, jirani zetu, walikuwamo katika majaribio makubwa yaliyoanza mwaka 2009, pamoja na wa Siaya na Kombewa.

Sasa turudi kwa baba. Asema mtoto haumwi. Jawabu ni kwamba kinga haingojei ugonjwa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa mwenye kula tende saba za ajwa asubuhi hadhuriwi siku ile na sumu wala uchawi. Mlaji huyo hakuwa na sumu tumboni alipozila. Alijikinga na lisilofika bado. Na Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa akienda Sham akafika Sargh akaambiwa kwamba tauni imezuka mbele, alifanya shauri na sahaba kisha akarejea na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamfahamisha kwamba anatoka katika kadari kwenda katika kadari. Umar hakuwa na homa siku ile, wala hakuna ajuaye tawakuli kumshinda Umar.

Lakini liko jambo zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kama alivyoeleza Imam Nawawi, mtu kujitibu ni jambo la kupendeza. Haikuwa faradhi kwa kila hali. Na imepokewa katika Sahihi mbili habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa. Mtume (S.A.W.) alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, akaomba tu asifunukwe nguo aangukapo. Huenda ndugu yetu ajiona yumo katika njia ya bibi huyo. Hayumo! Yule alisubiri kwa mwili wake mwenyewe, naye alikuwa mtu mzima aliyeulizwa akajibu. Mtoto wa miezi minane hakuulizwa. Baba atakayesubiri, atasubiri kwa ini la nani na kwa damu ya nani? Walii amepewa mamlaka juu ya mtoto ili amletee la maslaha, wala hana ruhusa ya kutoa sadaka mali ya mtoto huyo, hata shilingi moja. Seuze uhai wake.

Na ajabu ni kwamba wengi wa wanaokataa sindano kwa kudai tawakuli, ukimfunua mtoto wao utamkuta na hirizi shingoni, yenye tarakimu na majina asiyoyajua hata aliyeiandika. Malaria ikipanda kichwani mtoto akashikwa na degedege, husema ni nyuni, akafukizwa mafusho usiku kucha hali saa za kumwokoa zinapita. Tawakuli gani hii ikimbiayo daktari ikafungua mlango kwa mganga?

Ama ukweli wa dawa yenyewe, hatuusitiri. Katika majaribio yale, watoto waliopewa zote nne walipungukiwa na malaria yapata mara 4 katika kila 10, na malaria kali yapata 3 katika kila 10. Basi haikuondoa yote, na chandarua hakikunjwi. Baadhi ya watoto hupata homa baada ya sindano, na wachache sana degedege la homa hiyo. Mama aambiwe mapema asije akashtuka. Lakini katika nchi zile tatu, ilipotolewa kwa wote, vifo vya watoto wa umri huo visivyokuwa vya ajali vilipungua kwa asilimia 13. Shirika la Afya la Ulimwengu liliipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021.

Imebaki haki ya mama. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amefungamanisha kumwachisha mtoto ziwa na kuridhiana kwa wazazi wawili na kushauriana kwao. Ikiwa ziwa lataka shauri, sindano yataka zaidi. Na shauri si baba kuzuia na mama kulia. Na Hind, mke wa Abu Sufyan, aliposhitaki kwamba mumewe hampi ya kumtosha yeye na mwanawe, Mtume (S.A.W.) alimruhusu achukue ya kutosha kwa wema bila mume kujua. Kwa kipimo hicho naona kwamba mama huyu, akiisha kushauri kwa upole akakataliwa pasi na hoja, hana dhambi akimpeleka mwanawe. Hata hivyo lililo bora ni baba mwenyewe ambebe.

Basi ndugu yetu asingoje mwezi wa tisa. Ampeleke wiki hii pamoja na kijitabu cha kliniki, wauguzi wamhesabie tarehe upya. Ile ya nne aiandike ukutani tangu leo, kwani ndiyo isahauliwayo sana: mtoto huwa ameshaanza kukimbia, na mzazi hudhani mambo ya kliniki yamekwisha.

Wallahu aalam.