Kucheza Mtandaoni Ukiwa Nyangwe: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kijana wa Nyangwe anayecheza Free Fire au PUBG Mobile hukutana mchezoni na wenzake wa Kindu, Bukavu na Dar es Salaam, lakini seva inayoamua nani kapigwa na nani kapona haiko hapa jimboni Maniema. Ndani ya nyaya za mwanga, ishara hukata takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka hapa ukingoni mwa mto Lualaba hadi, tuseme, seva iliyoko Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi tu hula milisekunde 60 na ushei, na hakuna waya unaopita kwa mstari ulionyooka. Muda huo huwezi kuurudisha. Ule unaopotea kwenye simu yako na kati yako na mnara, huo unaweza kuuokoa.

Pima kabla ya kuingia. Itazame pingi, ile namba ya milisekunde pembeni mwa skrini, kwa dakika chache. Usifurahie namba ndogo iliyopita mara moja, angalia inavyorukaruka. Pingi ya 180 iliyotulia mkono huizoea. Pingi inayotoka 90 kwenda 400 na kurudi haizoeleki na mtu yeyote.

Usinunue mega zaidi ukidhani zitaondoa kukwama. Mchezo hutuma vifurushi vidogo sana vya data. Tatizo ni muda ambao kila kifurushi kinachukua kufika, na muda huo hauuzwi kwa mega.

Usicheze huku mtu mwingine anatuma video kwa hotspot hiyohiyo. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo rahisi zaidi kurekebisha. Vijana watano hujiunga na simu moja yenye rezo, yaani mtandao, mmoja anatuma video ya harusi kwa WhatsApp, wanne wanalaumu mnara. Njia ya kupandisha data ni nyembamba kuliko ya kushusha. Video ikijaza foleni hiyo, kifurushi cha mchezo hukaa nyuma yake kama mwenye barua moja mkononi anayesubiri mtumbwi upakiwe magunia yote kwanza. Kubalianeni kabla ya mechi: hakuna kutuma, hakuna kupakua. Zima upakuaji wa picha wa WhatsApp usio na ruhusa yako, zima masasisho ya programu, na masasisho ya mchezo wenyewe yafanye usiku wa manane.

Chagua aina ya mtandao wewe mwenyewe. Pale 4G inapofika kwa kusuasua, simu huruka kutoka 4G kwenda 3G na kurudi, na kila mruko ni sekunde umesimama katikati ya uwanja. Ingia kwenye mipangilio, ifunge kwenye 3G, upime tena. 3G iliyotulia inashinda 4G inayokuja na kuondoka. Ikiwa kilichobaki ni 2G, weka simu chini.

Chagua seva kwa namba. Pale mchezo unapokuruhusu kuchagua kanda, zijaribu zote. Iliyo karibu kwenye ramani huenda ikafikiwa kwa njia ndefu, kwa sababu data hufuata nyaya zilikopita.

Usipakue programu zinazoahidi "kupunguza pingi". Mara nyingi huongeza kituo kingine njiani na hupekua simu yako bure.

Tofautisha simu na mtandao. Pingi ikiwa nzuri na picha bado inakatika, simu imechoka au imechemka. Punguza ubora wa picha. Na acha kucheza saa sita mchana huku simu inachajiwa kwa paneli ya jua: ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, nawe utailaumu rezo.

Usimwite mwenzako mwizi kwa sababu umepigwa ukiwa tayari nyuma ya ukuta. Katika michezo mingi ya kulenga, seva hurudisha muda nyuma kidogo na kuhukumu kwa kile mpigaji alichokiona alipofyatua. Kwake ulikuwa bado wazi. Lakini anayezima data kwa makusudi ili adui wagande, kisha akairudisha, huyo ni mwizi kweli, msicheze naye.

Jua kama mnara wako unatumia setilaiti. Minara kadhaa ya vijijini Kongo hupitisha mawasiliano kwenye setilaiti iliyo juu kilomita 35,786. Kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde, na hakuna mpangilio wa simu utakaoipunguza. Setilaiti za Starlink, iliyopewa leseni na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, Mei 2025, huruka kama kilomita 550 tu juu, na hapo mchezo wa kasi unawezekana, mradi sahani ya kupokea isiwekwe chini ya mwembe. Mwenye mnara wa setilaiti ya juu, asiye na Starlink, acheze michezo ya zamu. Sataranji ya Lichess hukurudishia sehemu ya muda uliopotea njiani, kwa hiyo hushindwi na saa kwa kosa la mnara.

Toka kabla mechi haijaanza. Pingi ikikaa juu ya 300 mkiwa bado mnasubiri, waambie wenzako watatu wa kikosi watafute mtu mwingine. Ukiganda katikati ya mechi, wanabaki watatu dhidi ya wanne, na pointi wanazopoteza ni za kwao.