Wavu wa Nyonga Unapochoma

SWALI: Daktari, mwaka 2015 kizazi changu kilishuka, nikawekewa wavu ukeni hapa Uingereza. Sasa kuna kitu kinanichoma ndani, natokwa na matone ya damu, na mume wangu anasema anakwaruzwa. Daktari wangu anadai ni ukomo wa hedhi tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada. Usikubali jibu hilo kabla hujachunguzwa. Mume kukwaruzwa ni dalili nzito: mara nyingi ukingo wa wavu umetoboa ukuta wa uke. Wavu huo hufumwa kwa plastiki ya polipropilini, na nyama ya mwili huota ikapenya matundu yake. Ndiyo maana hushika vizuri, na ndiyo maana kuutoa ni kazi ngumu. Wakati mwingine wavu hupenya hadi kwenye kibofu.

Hujitungii maumivu. Uingereza ilisitisha matumizi ya kawaida ya wavu wa ukeni mwaka 2018, na ripoti ya 2020 ya uchunguzi ulioongozwa na Baroness Cumberlege ilithibitisha kwamba wanawake walilalamika wakapuuzwa.

Omba nakala ya taarifa ya upasuaji wako, kisha shikilia upewe rufaa kwenda kituo maalumu cha NHS (huduma ya afya ya umma) cha matatizo ya wavu. Kipande kidogo kilichotokeza huweza kutibiwa kwa krimu ya estrojeni au kukatwa. Kuutoa wote ni uamuzi mkubwa. Maumivu huweza kubaki, na kizazi kikashuka tena. Damu baada ya hedhi kukoma lazima ipimwe pia kuondoa shaka ya saratani. Ukipata homa au mkojo ukigoma, nenda hospitali siku hiyohiyo.