SOMO: Nani analipa bariere? Namna vyama vya biashara vinaweza kututetea vikishikana mikono



Kila mara tunapokutana na wakulima wa Lubero na Beni, lalamiko ni moja: "Tunalima, tunavuna vizuri, lakini bei ya kijijini haipandi." Kwa kawaida sisi waagronomu tunajibu kwa mambo ya mbegu na kukausha mavuno. Leo tunazungumza juu ya barabara, sababu hasara ingine haitoki shambani.

1. Hesabu ya bariere

Wengi wanafikiri bariere inalipwa na mwenye kamioni. Tuweke mfano. Kamioni inabeba magunia 100 ya maharagi. Njiani inapita bariere 8, na kila moja inaomba Franka 10 000 bila kutoa karatasi ya malipo. Jumla ni Franka 80 000, ni kusema Franka 800 kwa kila gunia. Mnunuzi anaijua hesabu hiyo mbele ya kufika kijijini. Anaitosha katika bei yenye anatupatia. Basi mkulima analipa bariere hata kama hajawahi kupita pale.

Hatusemi tukatae kodi. Kodi ya sheria inapaswa kulipwa. Orodha ya kodi za jimbo na za maeneo yake iko katika sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kwenye mpaka, amri ya serikali namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu: dwane (leo DGDA), OCC, DGM, na huduma ya afya na usafi ya mpakani. Kitu chenye hakiko kwenye orodha, ao chenye kinaombwa bila karatasi, tuko na haki ya kukiuliza.

2. Vyama vyenyewe

FEC, Shirikisho la Makampuni ya Kongo, ilianza mwaka 1972 kwa jina la ANEZA. Inafanya kazi mbili: ni chemba ya biashara, tena ni chama cha waajiri. Makao yake makubwa ni Kinshasa, na iko na ofisi katika majimbo na katika miji kama Butembo na Beni. COPEMECO nayo inakusanya biashara ndogo na za kati. Kazi yao si kugawa feza wala mbegu. Kazi yao ni kupeleka sauti ya wenye biashara kwa serikali, kueleza sheria, na kukutanisha wauzaji na wanunuzi.

3. Sababu gani washirikiane

Kila ofisi iko na mpaka wake. Kamioni inatoka Lubero, inapita Butembo na Beni, inafika Kasindi. Lakini mkubwa wa mji wa Butembo hana amri juu ya bariere ya Beni. Kama chama cha Butembo kinalalamika peke yake, bariere inaweza kuondolewa hapa na kuwekwa mbele kidogo, na hesabu yetu inabaki ileile.

Wakati ofisi za miji yote ya njia hiyo zinaandika barua moja, na chama cha biashara ndogo kinatia sahihi pamoja nao, barabara nzima inaonekana kwenye karatasi moja. Barua hiyo inaenda kwa mkubwa wa jimbo, mwenye amri juu ya njia yote. Hata ng'ambo ya mpaka, kule Mpondwe, wanunuzi wa Uganda wanapoteza kama mzigo unachelewa, na Uganda iko na chemba yake ya taifa. Tangu Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, pande hizo mbili ziko na sababu moja zaidi ya kukaa meza moja.

4. Kitu chenye wanakosa, sisi tuko nacho

Mfanyabiashara akimwambia mkubwa, "Barabarani wanatutesa," ataulizwa: "Wapi? Siku gani? Pesa ngapi?" Asipokuwa na jibu, mazungumzo yanakufa. Jibu liko kwetu. Koperative inunue daftari moja, na kila safari ya mzigo iandikwe:

– tarehe na aina ya mzigo;
– mahali pa bariere;
– huduma gani iliomba feza;
– kiasi kilicholipwa;
– karatasi ya malipo ilitolewa: ndiyo ao hapana.

Msiandike mbele ya bariere, na msigombane na mtu mwenye silaha. Dereva akumbuke, katibu aandike wakati anarudi. Kisha mwezi mmoja ao miwili, daftari za koperative zote zijumlishwe katika union, na union ipeleke hesabu kwa vyama vya biashara. Tuombe nakala ya barua yenye watatuma, na tuifuate mpaka jibu lirudi.

5. Tuingie na macho wazi

Ndani ya vyama hivyo muko wanunuzi wetu. Juu ya bei ya kahawa na kakao, wao wanataka ishuke, sisi tunataka ipande. Hapo kila mtu anatetea upande wake. Lakini juu ya bariere tuko upande mmoja. Tushirikiane kwa lile lenye linatuunganisha, na bei tuilinde sisi wenyewe kwa kuuza pamoja.

Tena, koperative bila karatasi haisikilizwi. Kongo iko katika OHADA tangu mwaka 2012. Sheria yake juu ya koperative inaomba angalau wanamemba 5 kwa koperative ya namna nyepesi, na 15 kwa ile yenye baraza la uongozi. Angalieni kama yenu imeandikishwa. Mbele ya kuingia katika chama cha biashara, ulizeni mchango ni ngapi kwa mwaka, na mkutano mkubwa ndio uamue, si prezida peke yake.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kutoka kijiji chetu mpaka soko, kuna bariere ngapi? Zipi zinatoa karatasi?
2. Feza hiyo, ukiigawa kwa gunia, inafika ngapi?
3. Nani kati yetu atashika daftari, na nani atamkagua?