Barabara Ina Wenyewe Watatu

Fizikia haikai darasani tu. Jioni moja mimi na wenzangu wawili tulipima kwa hatua barabara moja ya Mutanga Sud, mtaa ninaokaa. Toka ukuta hata ukuta tulihesabu hatua 12. Motokaa zilikuwa na 8, na mitaro ya pande mbili 4. Waendao kwa miguu hawakuwa na hata moja.

Nao ni wengi. Tarehe 21 Machi 2022 pikipiki na baiskeli ziliondolewa katikati ya mji wa Bujumbura, kisha ukaja uhaba wa petroli; watu wakazidi kutembea. Mwaka jana mdogo wangu wa miaka saba aliruka mtaroni kuikwepa motokaa iliyokuwa ikiteremka mbio. Alivunjika mkono, nasi tukashukuru kuwa ni mkono tu.

Sasa tutazame hesabu. Nguvu ya motokaa iendayo huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Ikienda kilomita 30 kwa saa, 30 mara 30 ni 900. Ikienda 50, 50 mara 50 ni 2500. Mwendo haukufika mara mbili, lakini pigo limekaribia mara tatu! Kwa hiyo kupunguza mwendo kidogo ni kuokoa uhai mwingi.

Mwenye barabara wa tatu ni maji. Mtaa wetu uko mtelemkoni, kando ya mto Ntahangwa. Mvua ipigayo mabati na lami haipati pa kuzama. Hukimbilia korongoni na kuumega ukingo, na nyumba zilizo karibu zimo hatarini. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya mji huu.

Basi, hatua zile 12 twaweza kuzigawa upya. Motokaa zipewe 6, yaani kama mita nne na nusu: mbili zaweza kupishana, lakini polepole. Hatua 2 zipandwe miti, kwa kuwa majani huvunja kishindo cha mvua, mizizi hushika udongo, na kivuli humpoza mpita njia. Mitaro ibaki na 4 zake, ila ifunikwe kwa mabamba ya saruji yawezayo kuinuliwa wakati wa kuisafisha. Juu watapita watu, chini yatapita maji.

Hii si ndoto. Wenzetu wa Kigali, mwaka 2015, walizuia motokaa kabisa katika barabara moja ya katikati ya mji. Sisi hatuombi kumfukuza mwenye motokaa; twaomba agawane na wenziwe.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tukaao ukingoni mwa Ntahangwa, ufa twauona kwa macho. Ndugu msomaji, pima barabara ya kwenu, uhesabu hatua zako ni ngapi.